Hodi kwa Mwalimu

Desturi ya kupiga hodi ni ndogo kwa kutamkwa, lakini ni kubwa kwa maana. Mtu afikaye penye nyumba ya mwenzake husimama nje ya kizingiti, akaita, akangoja. Huita mara ya pili, akangoja. Huita mara ya tatu, na asipoitikiwa hugeuka akaenda zake bila ya kinyongo. Katika kungoja huko mna heshima mbili. Ya kwanza ni kukiri kwamba nyumba ina mwenyewe. Ya pili ni kukiri kwamba mwenye nyumba huenda ana shughuli zilizo bora kwake kuliko mgeni. Aingiaye bila ya hodi huitwa jeuri. Apigaye hodi kwa mtu huku uso wake umeelekea kwa jirani hana jina katika lugha, lakini mwisho wa hodi yake hujulikana: mwenye nyumba huisikia, akadhani anaitwa mwingine, akaendelea na kazi yake.

Jambo la namna hiyo lilitokea Kiseke, Mwanza, juu ya tovuti moja iliyotengenezwa ili iwavute walimu katika kazi ya bustani za shule. Tovuti hiyo ilikaa mtandaoni mwaka mzima, na katika mwaka huo hakuingia mwalimu hata mmoja kwa mlango wake. Baadaye ilivunjwa ikajengwa upya. Katika kuvunjwa na kujengwa kwake lilifunuka jambo kubwa kuliko tovuti yenyewe, nalo ni deni la zamani baina ya jembe na shule.

Kiseke ni kata ya Manispaa ya Ilemela. Mgeni atokaye mjini huona vilima na majabali ya matale yaliyopandana kama mizigo iliyotuliwa na wapagazi kisha ikasahauliwa. Nyumba mpya zimesongamana kati ya majabali hayo, na mtaa mmoja watu huuita PPF mpaka leo, kwa jina la mfuko wa pensheni uliojenga nyumba pale, ingawa mfuko huo uliunganishwa na mingine mwaka 2018. Wasukuma, ambao ndio wenyeji wa nchi hii, hawauiti udongo wote kwa jina moja. Ule mwepesi wa kichanga, uliotokana na kumomonyoka kwa matale ukalala katika miteremko, huuita luseni. Ule mweusi mzito wa bondeni huuita mbuga. Luseni hulimika kwa jembe la mkono bila ya taabu, lakini hunywa maji upesi na kuyaachia upesi, wala hauna ukarimu kwa mtu asiyeupa samadi. Mvua huja kwa misimu miwili, tangu Oktoba mpaka Desemba, na tangu Machi mpaka Mei. Juni ikifika jua hushika zamu yake. Ziwa Victoria li karibu, na kutoka juu ya jabali huonekana liking'aa. Lakini mchicha haunywi maji yanayoonekana. Hunywa maji yaliyobebwa.

Tovuti ya kwanza haikusema neno lolote juu ya luseni wala juu ya maji. Ilifunguka kwa picha kubwa ya watoto wanaocheka, kila mmoja ameshika fungu la mboga lililooshwa vizuri kuliko mboga yoyote iliyopata kutoka bustanini. Chini ya picha yalikuwako maneno ya Kiingereza juu ya uendelevu, uwezeshaji na mabadiliko ya jamii. Chini ya maneno hayo kilikuwako kitufe cha rangi ya machungwa cha kutoa mchango. Mwisho kabisa, katika herufi ndogo, walimu walielezwa kwamba wanakaribishwa kujiunga, na kwamba wangoje kufunguliwa kwa fomu yenye maswali kumi na manne. Picha zilikuwa nzito hata simu ya mwalimu wa kawaida ilikuwa ikila bando kabla haijafika penye karibu hiyo.

Waratibu wa mradi walipoona kimya kimezidi waliamua kwamba kasoro ni ya sura. Walimwita kijana mmoja fundi wa tovuti, mzaliwa wa Kiseke, wakampa malipo ya kutosha na maagizo machache: rangi ya kijani iwe changa zaidi, picha ziwe nyingi zaidi, na kitufe kionekane zaidi. Kijana alikubali kazi. Lakini alikuwa na tabia njema ambayo mafundi wengi hawana, ya kumwonyesha kitu mtu atakayekitumia kabla ya kukitangaza. Basi alitia simu mfukoni akaenda kumwamkia mwalimu wake wa shule ya msingi, mama aliyezaliwa mwaka 1967, ambaye alikuwa bado kazini, na siku zake za kustaafu zimekaribia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti. Zamani ulikuwa ukija hapa na mama yako, nikajua kuna kesi. Leo umekuja na simu. Kesi ni ya nani?"

Kijana alicheka, akamweleza haja yake, akamkabidhi simu. Mama alivaa miwani, akasoma toka juu mpaka chini kwa utaratibu wa mtu aliyezoea kusahihisha madaftari. Alipomaliza alirudi mwanzo, akasoma tena. Kisha akauliza:

"Mwalimu anayezungumzwa humu ni nani?"

"Ni nyinyi, Mwalimu. Walimu wa shule."

"Basi nimesemwa, lakini sikusemeshwa."

Neno hilo lilikuwa fupi, lakini lilitosha kuibomoa tovuti nzima. Katika Kiswahili kusemwa na kusemeshwa hutengwa na silabi moja tu, na silabi hiyo ni umbali uliopo baina ya mtu anayetajwa barazani akiwa hayupo na mtu anayeangaliwa usoni. Tovuti ilikuwa imemwelekea mfadhili wa mbali. Mwalimu alikuwamo kama yalivyokuwamo matuta na ndoo, yaani kama sehemu ya picha. Hodi ilipigwa mlangoni kwake, lakini uso ulikuwa kwa jirani.

Mwalimu aliendelea, akauliza maswali matatu kwa mfululizo. Kazi hiyo itachukua saa ngapi kwa juma? Maji yatatoka wapi, na atakayeyabeba ni nani? Mboga zikiiva zitaliwa na nani? Kijana alitafuta majibu katika ukurasa wake, hakuyaona. Mama alinyamaza kidogo, akavua miwani, akauliza la nne kwa sauti ya chini kuliko mengine:

"Na mtoto aliyechelewa asubuhi, mtampeleka wapi?"

Hapo kijana aliinama. Alipokuwa darasa la tano alikuwa akichelewa mara nyingi, kwa kuwa nyumbani kwao walichota maji mbali, na kila alipochelewa alipewa jembe akalime kipande cha shamba la shule mpaka kengele ya mapumziko. Jua la siku hizo alilikumbuka. Mavuno ya shamba lile hakuyakumbuka, maana hakupata kuyaona.

"Ulinipeleka shamba mara nyingi, Mwalimu," alisema.

"Nilikupeleka," alijibu mama. "Na mimi nilipelekwa nilipokuwa mdogo kama wewe. Tangazo lenu la bustani nililisikia tangu mwaka jana. Watu walidhani nimekaa kimya kwa uvivu au kwa uzee. Mwanangu, ni haya. Sioni nitawezaje kulishika jembe lile lile mbele ya watoto na kuwaambia kwamba leo ni furaha."

Haya ya mwalimu huyo ina historia ndefu kuliko umri wake, na msomaji hana budi kuipitia ili aelewe kwa nini rangi ya kijani isingetosha. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones, na ambayo mjumbe wake mmoja alikuwa James Aggrey wa Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana, ilizunguka Afrika Mashariki. Ilishauri kwamba elimu ya Mwafrika ishikamane na maisha ya mahali pake, yaani kilimo, afya na kazi za mikono. Kwa maneno matupu shauri hilo lilikuwa jema. Lakini lilitolewa katika nchi ambamo mtoto wa mtawala hakutiwa jembe mkononi, na wazazi wakahesabu upesi wakaona kwamba kalamu ilikuwa njia ya kupanda na jembe lilikuwa njia ya kubakizwa. Katika miaka ya 1950 shule za kati za Tanganyika zilitiliwa mkazo wa kilimo, na watu wengi wakaununia mkazo huo kwa sababu hiyo hiyo. Baada ya Uhuru wa 1961 ulilegezwa.

Kisha ukaja mwaka 1967. Mwezi wa Februari lilitangazwa Azimio la Arusha, na mwezi wa Machi Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Waraka huo ulitaka kila shule iwe jamii inayojilisha kwa kadiri ya uwezo wake, lakini haukuishia hapo. Ulitaka wanafunzi washiriki katika kuamua nini kilimwe na mapato yatumiweje, na waone kwa macho yao kwamba jasho lao limegeuka kuwa nafuu yao wenyewe. Katika shule nyingi sehemu ya kwanza ya fikra hiyo ilidumu, na sehemu ya pili ikafifia. Jembe lilibaki, shauri likaondoka. Na jembe likikaa shuleni bila ya shauri hutafuta kazi nyingine, na kazi iliyo karibu ni adhabu. Mchelewaji alilima, mpiga kelele alilima, aliyekosa hesabu alilima. Mtoto mwerevu alijifunza somo lililo wazi, kwamba shamba ni mahali wapelekwapo wakosaji. Na mtoto huyo alipokua akawa mwalimu, alilifundisha somo hilo kwa uhodari kama alivyofundishwa.

Ila jembe halikuzaliwa na aibu hiyo. Katika Usukuma, kabla ya mabishano ya shule, vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vilishindana kwa nyimbo, kwa dawa na kwa wingi wa wafuasi, na watu walilima pamoja kwa mdundo wa ngoma. Bugobogobo, ngoma ambayo mchezaji wake huchezesha jembe mkononi, hulirusha na kulidaka, inachezwa hata sasa. Nyuma ya ngoma kama hiyo mna maarifa mazito: kazi ngumu hualikwa kwa sauti inayompendeza mwalikwa, hufanywa mbele ya wenzi, na jasho lake huwa na sifa. Watu wa namna hiyo hawakuhitaji kuvutwa shambani. Walihitaji kuitwa.

Wala Kiseke si pa kwanza kulitambua deni hilo. Ng'ambo ya kaskazini ya ziwa hilo hilo, katika wilaya ya Mukono nchini Uganda, Edward Mukiibi na Roger Serunjogi walianzisha mwaka 2006 kazi ya bustani za shule ijulikanayo kwa jina la DISC. Mukiibi alisoma kilimo katika Chuo Kikuu cha Makerere, naye ameeleza mara nyingi kwamba katika maisha yake ya shule kilimo kilitumiwa kama adhabu, na kwamba alikusudia kuwaondolea watoto fikra hiyo. Kazi yao haikuanza kwa kuwahubiria watoto juu ya thamani ya kilimo. Ilianza kwa kulitenga jembe na fimbo, na kwa kulifuata zao tangu mbegu mpaka chungu, ili mtoto ajue ladha ya kitu alichokipanda. Mwaka 2010 chama cha Slow Food cha Italia kilianza mpango wa bustani elfu moja katika Afrika, idadi ambayo baadaye iliongezwa ikawa elfu kumi. Na mwaka 2022 Mukiibi alichaguliwa kuwa rais wa chama hicho duniani, akimfuata mwanzilishi wake, Carlo Petrini. Safari hiyo ya kutoka tuta la shule mpaka kiti cha urais hupendeza kuisimulia, lakini lenye faida zaidi kwa mwalimu wa Kiseke ni pale ilipoanzia: mtu alilitaja kosa kwa jina lake, ndipo akapata njia.

Mfano mwingine u katika Tanzania yenyewe. Mwaka 1991 wanafunzi 12 wa sekondari walikutana na Jane Goodall nyumbani kwake Dar es Salaam, wakamweleza mambo yaliyowasumbua katika mazingira yao. Kutokana na mazungumzo hayo kilizaliwa chama cha Roots & Shoots, ambacho baadaye kilienea katika nchi nyingi. Chama kilichofika mbali hivyo kilianza kwa mtu mzima kukaa akasikiliza.

Kijana alirudi kwa waratibu akawaambia kwamba hatapaka rangi, atajenga upya. Walimstahimili, maana mwaka mmoja wa kimya hupunguza ubishi. Akawa anakwenda kwa Mwalimu kila Jumamosi alasiri, naye Mwalimu akawaita wenzake wawili kutoka shule za jirani. Ukurasa mpya ulitoka katika baraza hiyo ya watu wanne, na mabadiliko yake yanastahili kuelezwa kwa taratibu, kwa sababu kila moja lilitokana na swali lililoulizwa kwa kinywa.

Badiliko la kwanza lilikuwa la uso. Ukurasa uliandikwa kwa Kiswahili, tena kwa nafsi ya pili. Ulianza kwa neno "Mwalimu" na ukaendelea kumsemesha huyo huyo mpaka mwisho. Mambo ya wafadhili yaliwekewa ukurasa wao wenyewe, nao wana haki ya kuheshimiwa huko. Ila hawakukaa tena katikati ya mlango wa mtu mwingine. Picha zilipunguzwa zikabaki tatu, tena ndogo, ili ukurasa ufunguke katika simu ya bei nafuu penye mtandao hafifu. Na kwa kuwa walimu husoma mambo mengi ukutani kuliko mahali pengine popote, ukurasa ulipimwa uweze kuchapwa katika karatasi moja na kubandikwa katika ofisi ya walimu.

Badiliko la pili lilikuwa la hesabu. Tovuti ya kwanza iliahidi mazao bila ya kutaja gharama. Ya pili ilianza kwa gharama. Tuta la mita tatu kwa mita moja, ilisema, lahitaji dumu moja la lita 20 kwa siku ya jua. Matuta kumi ni madumu kumi, na madumu kumi ni safari kumi za watoto wawili wawili, au mabomba yenye maji, jambo ambalo shule yako inalo au haina. Kwa hiyo anza na matuta mawili. Saa za mwalimu nazo zilihesabiwa: muda wa kutayarisha, muda wa kuwa pamoja na watoto, muda wa kuandika daftari la bustani, jumla saa tatu kwa juma kwa matuta mawili, na pengine nne juma la kupanda. Mwratibu mmoja aliogopa kwamba hesabu hiyo itawafukuza watu. Mwalimu alimjibu kwamba atakayefukuzwa na saa tatu zilizoandikwa angefukuzwa na saa tatu zisizoandikwa, ila angeondoka katikati ya msimu na mbegu zi ardhini.

Badiliko la tatu lilikuwa la kalenda. Vitabu vya bustani huandikwa mara nyingi kana kwamba shule haifungwi. Shule hufungwa Juni, hufungwa Desemba, na bustani nyingi za shule hufa katika majuma hayo, zimekaukiwa au zimeliwa na mbuzi. Ukurasa mpya uliiweka mvua ya Mwanza na mihula ya shule katika jedwali moja. Mchicha ambao huwa tayari kwa majuma matatu au manne hupandwa mapema katika muhula ukavunwa mara mbili kabla ya likizo. Nyanya ambazo hutaka kama miezi mitatu zisisiwe Machi, maana zitaiva Juni wakati hakuna wa kuzichuma. Viazi vitamu hupandwa kwa mashina ya marando. Majani yake, yaani matembele, huchumwa yakachipua tena, na mizizi yake husubiri ardhini kwa uvumilivu kuliko nyanya. Tena viazi vinamrudisha mtoto kwa bibi yake, kwa sababu kila nyumba ya Kisukuma inajua kuvikata na kuvianika vikawa michembe, au kuvichemsha kwanza na kuvianika vikawa matobolwa. Bustani ambayo mtoto anaweza kuiuliza maswali nyumbani ina walimu wengi kuliko shule.

Badiliko la nne lilikuwa la mavuno. Ukurasa ulisema bila ya kuuma maneno kwamba mboga ni za chungu cha shule kwanza; zikizidi zitauzwa, na fedha yake itasomwa mstarini mbele ya watoto waliolima, shilingi kwa shilingi. Fungu litakalochukuliwa na mwalimu litaandikwa katika daftari kama fungu lolote jingine. Walimu wawili waliokuwa katika baraza walilitazama sharti hilo kwa muda mrefu. Halikuwa sharti la kuwashuku. Lilikuwa la kuwalinda, maana wakati wa utoto wao wenyewe swali la nani alikula mahindi ya shule lilinong'onwa miaka mingi, wala halikujibiwa.

Badiliko la tano lilikuwa la kushindwa. Picha moja katika zile tatu ilikuwa ya tuta lililokufa. Chini yake yaliandikwa mambo manne yanayoua bustani mara kwa mara: maji kukatika, mbuzi, mbegu zilizokaa dukani muda mrefu, na mwalimu kuhamishwa. Palitengwa mahali pa kila mwalimu kusimulia lililomshinda. Watu hudhani kwamba mtu huvutwa na ushindi wa wenzake. Yamkini huvutwa na mengi, lakini mwalimu aliyechoka, mwenye darasa kubwa na madaftari mengi, akionyeshwa ushindi peke yake huhisi analaumiwa. Akionyeshwa tuta lililokufa na mtu aliyelipanda tena, hujua kwamba yu miongoni mwa watu.

Fomu ya maswali kumi na manne iliondolewa. Mahali pake pakawekwa mambo matatu: jina, shule, na swali moja, "Ni nini kinachokuzuia?" Mwalimu ndiye aliyelitaka swali hilo. Alisema kwamba mtu apigaye hodi hana haki ya kuuliza mengi akiwa bado nje.

Likabaki neno la juu kabisa, la kuufungua ukurasa. Waratibu walitaka neno la furaha. Mwalimu alitaka neno la adhabu lisemwe kwanza, nao wakamwuliza ni nani awezaye kumkaribisha mgeni kwa kumtajia aibu ya nyumba. Jambo hilo nusura livunje baraza. Mwalimu aliandika sentensi ya kwanza, ikawa kali kama amri ya mkaguzi, akaifuta. Aliandika ya pili, ikawa ndefu kama maungamo, akaifuta. Ya tatu ndiyo iliyokaa: "Mwalimu, kama ulipata kupelekwa shamba kwa kosa, au ulipata kumpeleka mtoto, karibu; katika bustani hii hakuna atakayeletwa kwa adhabu." Chini ya maneno hayo liliwekwa sharti, kwamba shule itakayoigeuza bustani kuwa mahali pa adhabu itakuwa imejitoa katika mradi.

Matokeo yake hayakuwa ya kupigiwa vigelegele. Katika muhula wa kwanza watu walijibu swali bila ya kujiunga. Waliandika maji, waliandika vipindi vingi, waliandika mgongo, mmoja aliandika kwamba mkuu wake wa shule hajasikia habari ya bustani isiyo ya adhabu na pengine asingependa kuisikia. Waratibu walisikitika, lakini kijana alifurahi, kwa sababu kwa mara ya kwanza kulikuwa na sauti upande wa ndani wa mlango. Walioandika "maji" walipelekewa maelezo juu ya kukinga maji ya paa. Aliyeandika habari ya mkuu wa shule alitembelewa na watu wawili, wakaongea na mkuu kwa adabu. Muhula wa pili walijiunga wanne, na Mwalimu mwenyewe akawa mmoja wao. Hesabu ya wanne ni ndogo kwa mtu anayeandika taarifa. Kwa watoto wa shule nne si ndogo.

Ni haki pia kusema mambo ambayo ukurasa hauwezi kuyafanya, hata ukiandikwa na malaika. Ukurasa haulimi. Haupunguzi idadi ya watoto darasani wala hauleti bomba. Mwalimu asiye na nafasi hatapewa nafasi na sentensi nzuri, na kumlaumu kwa kutojiunga ni kuirudisha fimbo kwa mlango wa nyuma. Lililo ndani ya uwezo wa ukurasa ni moja, nalo ni kumwita mtu kwa jina lake, kumwambia ukweli wote wa kazi, kumwuliza kinachomzuia, na kungoja. Wengi waliotengeneza miito kwa walimu wa nchi hii, tangu enzi za tume na waraka, walikuwa na akili na nia njema. Pengine waliingia bila ya hodi.

Asubuhi moja, muhula ule wa pili, mtoto alichelewa. Kengele ilikuwa imekwisha lia. Aliingia getini akihema, akaona mlango wa darasa umefungwa, akageuka bila ya kuambiwa akaelekea penye ghala, akachukua jembe, akaanza kutembea kuelekea matuta. Mwalimu alimwona akiwa barazani. Alishuka, akamfuata, akalishika jembe kwa mpini akalitoa mkononi mwake polepole.

"Darasani, mwanangu," alisema. "Bustani ni saa tisa, ukipenda."

Mtoto alimtazama kama mtu aliyesikia lugha ngeni, kisha akakimbia. Mwalimu alilirudisha jembe ghalani, akaufunga mlango, akarudi katika kazi zake. Tovuti ilikuwa imeandikwa kwa miezi mingi na watu wanne, lakini siku ile ndipo ilipoanza kuwa ya kweli, kwa sababu mtu aliyekuwa ameandika sentensi yake ya kwanza alikuwa ameitii. Mwaliko wowote, uwe wa mdomo, wa karatasi au wa mtandao, hauna nguvu kupita mwenendo wa wale wanaoualikia. Na jembe, ambalo limebebeshwa dhambi nyingi zisizo zake, halitaki kusifiwa ili lisafike. Lataka kuachwa ghalani mpaka aje mwenye kulipenda.